Treni ya Kwenda Toruń

Halitoki puani kama mafua ya watu.
Linashuka kwa nyuma, kwa mlango wa uani,
tone moja, kisha jingine,
kama mgeni asiyebisha hodi
wala asiyeaga.
Nameza. Linarudi.
Nakwangua koo. Linarudi na nduguze.

Mwaka wa sita huu, tangu mafua ya Novemba ile
yalipoondoka yakasahau mzigo kwangu.

Na kazi yangu ni sauti.
Nakaa katika kibanda cha kioo, stesheni ya Inowrocław,
mbele ya kipaza sauti chenye shingo ya bata,
nasema: Treni ya kwenda Toruń
ehem
itaondoka jukwaa la pili.
Ile ehem inapita vipaza sauti kumi na vinne,
inagonga paa, inawarusha njiwa.
Watoto wa shule huiiga wakisubiri,
na wanaipatia.

Daktari alinimulika tochi kooni,
akasema, "Ni ute tu,"
kana kwamba hiyo "tu" ndiyo dawa.
Nikapewa ya kupuliza, asubuhi na jioni.
Nikanyimwa maziwa, nikanyimwa jibini.
Nikalalia mito miwili, kisha mitatu,
hata nikawa nalala nimekaa, kama abiria.
Paka wangu, Bursztyn, nikampeleka kwa dada Ludomira.
Tone likabaki. Paka akanenepa huko,
hataki kurudi.

Usiku nachemsha maji, nayaacha yapoe
mpaka yawe vuguvugu kama machozi,
natia chumvi, robo ya kijiko,
nainama juu ya beseni, sikio likitazama sakafu:
yanaingia tundu hili, yanatokea lile.
Mara ya kwanza nilidhani nazama, jikoni kwangu, mchana kweupe.
Sasa ni ada, kama kufunga mlango.
Nafuu ya saa moja. Saa moja si haba
kwa mtu aliyehesabu matone hadi alfajiri.

Kisha Ewaryst, aliyekuwa mpuliza vioo,
mapafu yake nusu hewa, nusu hadithi,
akanipeleka bustanini kwenye ukuta wa miiba:
vijiti vikavu, tita juu ya tita, kimo cha ghorofa mbili,
na juu kabisa maji ya chumvi kutoka ardhini
yanaachiliwa yashuke, mwiba hadi mwiba,
tone moja, kisha jingine.

Nilicheka. Namkimbia mmoja,
naletwa kwa ukoo mzima!

"Tembea," akasema. "Vuta kwa pua.
Na usimeze kwa hasira."

Tukazunguka na wazee wa makoti mazito,
mikongojo, chupa za chai,
hakuna aliyetaja maradhi yake.
Hewa ilikuwa na ladha ya midomo baada ya kulia.
Mzunguko wa tatu, au wa nne,
kitu nyuma ya uso wangu kikalegea,
kama barafu ya dirishani saa nne asubuhi:
huioni ikiondoka, unaona tu mtaa umerudi.

Sikupona. Iandikwe hivyo, sikupona.
Lakini usiku ule nililalia mto mmoja,
na nilipoamka koo lilikuwa kimya,
kimya cha jikoni friji inapozimika,
ndipo unapojua ilikuwa ikinguruma.

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika nane:
Treni ya kwenda Toruń itachelewa dakika arobaini.
Sentensi nzima, haina kokoto.
Jukwaani vichwa viliinuka.
Hata njiwa walikaa, wakingoja.

Baadaye mzee mmoja akaja dirishani, kofia mkononi,
akauliza kwa sauti ya matangani:
yule mama wa siku zote,
amefariki lini?

Nikamtazama. Nikajikohoza, kidogo, kwa adabu:
ehem.
Akavaa kofia yake,
akarudi kusubiri.