Mstari wa Kumi na Nne, Katugo

Lori moja, kitalu kimoja, siku moja ya mvua:
Kyomya alipanda kuanzia juu, mimi kuanzia bondeni,
kati yetu kamba yenye fundo kila mita tatu.

Leo nimerudi na utepe wa kupimia.

Kule juu penye murramu,
ambako jembe lake lilirushwa likatoa cheche,
misonobari ni myembamba kama mkono wa mgonjwa.
Kumi na moja. Kumi. Kumi na moja.
Jua linaingia hadi chini bila hodi
na nyasi zimenifika kiunoni.

Nateremka. Udongo unageuka mweusi, unang'ang'ania buti.
Thelathini na moja, unasema utepe.
Hapa ni giza la sindano zilizooza,
nyasi hakuna, ni kangaga tu,
na uyoga mmoja unaochungulia kama mdaiwa.

Halafu kile kichuguu, kulekule kwenye murramu:
mti mmoja mnene katikati ya makonda.
Mchwa waliupandishia udongo wa chini
usiku, bila posho.

Karatasi ya msimamizi inadai wastani ni kumi na tisa.
Nimeutafuta mti wa kumi na tisa.
Haupo.

Mwaka wa nne alimfukuza Kyomya:
"Umepanda kivivu, tazama mwenzako!"
Mwenzake nilipewa buti mpya.
Nikazivaa.

Nimefunga murramu kwenye leso, konzi mbili.
Kesho nitaimwaga juu ya meza yake,
kabla hajaniuliza namba.