Redio Mbovu

Shangazi Selipa alikuwa na redio ya betri nne.
Ikikwama katikati ya habari
aliipiga kofi la ubavu, ikaendelea.
Siku niliyotumwa kwake na maziwa
nilikwama mlangoni: shi, shi, shi,
na shikamoo yenyewe haiji.
Akacheka hadi akashika kizingiti.
"Hii nayo ni redio mbovu!"
Nilikuwa na miaka saba.
Hakunipiga kofi. Ingekuwa afadhali;
kofi hupoa kabla ya jioni.

Nyanya alikuwa ameniita Nanjala,
maana nilizaliwa mahindi yangali maua
na ghala linanuka panya tu.
Hilo halikuwa tusi. Lilikuwa kalenda.
Lakini hili la pili lilikuwa na miguu:
lilivuka mto, likapita kanisani,
likafika shule mbele yangu.
Mwalimu Wafubwa akiita rejista
alisema, "Redio, upo?"
na darasa zima likaitikia kwa niaba yangu.

Nikajifunza kutikisa kichwa.
Nikajifunza kwenda dukani na karatasi,
sukari robo, kiberiti kimoja,
maneno yangu yamekunjwa mara nne kiganjani.
Majibu ya hesabu niliyajua. Niliyameza
pamoja na makapi yake.

La kaka yangu Makokha lilikuwa fupi zaidi:
Mwizi.
Shilingi ishirini zilipotea kwenye koti la baba
Jumapili moja, na yeye ndiye aliyeonekana chumbani.
Alikana. Akalia. Akakana tena.
Kufikia Krismasi alikuwa ameacha kukana.
Jina alilivaa kama shati la mitumba:
kwanza linapwaya,
halafu mabega yanalijaza.

Mwaka aliofungwa Kitale, mvua za masika,
mama alilitoa lile koti alifue
akapapasa kitu kigumu ndani ya bitana.
Sarafu ya ishirini.
Aliiweka mezani. Tukaitazama
kama mgeni aliyefika matanga yamekwisha.
Baba akatoka nje kuangalia ng'ombe
ambao hawakuwa na shida yoyote.
Hakuna aliyepanda gari kwenda kumwambia.

Sasa nauza vitunguu sokoni Chwele.
Bei nimeiandika kwenye kipande cha boksi
ili nisiulizwe.
Juzi amekuja Shangazi Selipa na mkongojo wake.
"Wewe ni wa nani vile? Uso naujua."
Nikamkumbusha, kwa shida, polepole:
maziwa, kizingiti, redio.
"Mimi? Mimi nilisema hivyo?"
Akashangaa kweli. Hakuwa akidanganya,
na hilo ndilo lililoniuma:
mzigo nilioubeba miaka ishirini na mitatu
mwenyewe aliusahau siku ile ile,
kabla ugali haujaiva.

Akauliza, "Sasa jina lako ni nani, mama?"
Nikaanza. Na, na, na,
na muuza nyanya wa pembeni
akafungua kinywa anisaidie.
Nikainua mkono. Ngoja.
Mbuzi walilia, mkokoteni ukapita,
mtu akagombania chenji.
Na, na, nan,
mkono wa shangazi, niliuona, ukainuka kidogo
kana kwamba unatafuta ubavu wa kitu,
ukarudi kwenye kikapu.
Njala, nikamaliza. Nanjala.
"Eee," akasema, "ule mwaka wa njaa."

Nikampimia kilo mbili kamili.
Sikumwongezea hata kimoja.

Jioni nilihesabu mauzo,
noti kwa noti, kwa sauti, hakuna wa kunisikia.
Ile ishirini haimo kwenye hesabu.
Iko kwenye fundo la leso, peke yake.
Kitale si mbali.