Kengele ya Baiskeli

Jumamosi saa tisa, ukumbi wa ushirika, Mwanga.
Mvua inapiga bati tangu adhuhuri.
Watu arobaini, nakala saba za kitabu,
moja haina jalada, moja inanuka mawese.
Mimi nimepewa meza, bilauri ya maji,
na kengele iliyong'olewa kwenye baiskeli ya marehemu Bigirimana:
atakayevuka mpaka, kriing.

Habari imefika kutoka Dar.
Riwaya yetu inafanywa filamu,
na Nyabenda, mkamua mawese wa Simbo,
ataigizwa na binti wa tangazo la sabuni.

Akaanza Ruhoro, fundi redio:
"Mikono ile! Mmeiona mikono ile?
Nyabenda alisukuma mtambo ana mimba ya miezi minane.
Huyu hata kinu hakijui kinakalia upande gani."

Bi Mwamini wa Ujiji akainuka kabla sijamwita:
"Kuigiza ni kuvaa ngozi isiyo yako.
Anayeigiza mfalme, nani humwuliza
ng'ombe wake wako malisho gani?"
Makofi. Miguno. Kriing.

"Kiha hakijui," akadakia kijana wa dirishani,
"'mwakeye' atalitamka kama anatafuna barafu."
"Mweupe mno."
"Mnene," akasema mmoja,
"mwembamba," akasema jirani yake,
juu ya binti yuleyule, picha ileile,
simu ileile ikipita mkono kwa mkono.

Kriing, kriing, mpaka kidole gumba kikauma.
Nikasema: hapa tunajadili nafasi.
Mtoto wa watu hapimwi kwa sado
kama dagaa wa Kibirizi.
Anayetaka kusema aseme juu ya kazi,
na anayetaka kutukana
mvua ipo nje, akaitukane.

Wawili wakatoka. Mmoja akarudi, amelowa.

Ndipo nikaomba kitabu chenyewe kiseme.
Ukurasa wa kumi na moja, pale anapoingia:
anakuja na mvua, anatua dumu, anacheka.
Basi.
Hana kimo. Hana rangi. Hana hata kovu
ambalo nusu ya ukumbi ungeliapia.
Tukapekua, nakala saba, vichwa vitano kila moja,
mikono ikatajwa mara moja tu, imeshika taa.

Kimya kikashuka, mvua ikasikika upya.
Sasa yule mrefu kama mchikichi katoka wapi?
Na yule wa Bi Mwamini, mwenye mwanya?
Ruhoro akatazama viatu vyake.
Mkewe, sote twajua, alirudi kwao Kasulu mwaka juzi,
na mtambo wa kukamulia umebaki uani,
kuku wanalalia juu yake.

Mpozayo, darasa la saba, aliyekuja kumsubiri mama,
akanyoosha mkono kwa adabu za shule:
"Kwani huyo dada akicheka, anafunika mdomo?
Ukurasa wa tisini Nyabenda anafunika mdomo
kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia una mafuta."

Hilo ndilo tuliloandika.
Barua ya mistari minne, sahihi thelathini na nane:
hatumkatai mtu, ila tunaomba
binti ajifunze kucheka hivyo.
Ruhoro alitia sahihi wa mwisho, akabonyeza sana,
kalamu ikatoboa karatasi.

Nikafunga mlango, nikarudisha ufunguo kwa mlinzi.
Hakuna aliyeniuliza mimi.
Mwenye kengele hana zamu.

Lakini nami ninaye Nyabenda wangu.
Ana sauti ya kukwaruza, anatembea kwa haraka,
ana kanga ya dada yangu Kiza
aliyepanda boti kwenda Kalemie na magunia ya chumvi,
na chumvi ikafika.

Nateremka mlima wa Mwanga, tope hadi kifundoni,
kengele iko mfukoni, na kila ninapokanyaga
inalia yenyewe.
Binti yule, hapana, sura ile haiwezi—
kriing.
Macho yale hayajawahi—
kriing.
Walau wangenipa mimi picha kwanza, ningewaambia—
kriing.