Nimekuja Kozi

"Nimekuja kozi," nilimwambia Bi Mize
mlangoni kwake Konde, begi bado begani,
"kozi ya siku kumi, ya uwekaji hesabu,
pale ukumbi wa ushirika."
Akanitazama kutoka utosini hadi vumbi la viatu,
akageukia uani, akamwita mjukuu:
"Tatu! Funika vifaranga. Kozi kaja,
na kajitaja mwenyewe."

Usiku, juu ya muhogo na ng'onda,
alinirudisha chuoni.
Yule wa juu, mwenye mkia wa panda, anayeelea
kama gazeti lililopeperushwa sokoni,
huyo mwewe. Mzururaji. Hata utumbo wa samaki hauachi.
Kipanga ni jina lenye makali ndani yake,
"lakini usiniulize kama panga lilimzaa ndege
au ndege ndiye aliyelinoa panga."

Na kozi?

"Kozi humwoni. Unaona kuku wamenyamaza."

Mabawa yake mafupi, alisema,
kama mikono ya kanzu iliyorudi baada ya kufuliwa.
"Maskini," nikasema.
"Maskini nani? Bawa refu la nini msituni?
Mpeleke mwewe Ngezi, akimbie baina ya mashina,
uone kama hatovunjika."

Nyuma ya daftari la mafunzo niliandika:
kozi, ndege. Kozi, masomo.
La pili najua lilikuja na meli, na chaki, na mihuri.
La kwanza limetoka wapi?
Bi Mize akatoa mwiba wa ng'onda jinoni.
"Tulilikuta."
"Na waliokutangulieni?"
"Nao walilikuta. Limekaa juu ya mti, linawatazama."

Kisha akanitajia Ngwali, kaka yake.
Mwaka wa karafuu nyingi, pishi ya mnunuzi
ilikuwa na kina cha wizi. Wenzake waliuza.
Ngwali alirudi na gunia lake, akalimwaga jamvini,
akalala na maji ya kunywa.
Siku ya kwanza. Siku ya tatu.
Kijiji kikamwita Kozi:
kozi mandanda, kulala na njaa kupenda.
"Walimsifu?"
"Nusu walimsifu, nusu walimcheka. Maneno yale yale,
midomo ndiyo iliyopinda."
"Na mandanda ni nini?"
Akafikiri mpaka chai ikapoa.
"Mandanda ni mandanda.
Ukiling'oa hilo, methali itavuja."

Siku ya nane nilitoroka somo la mizania.
Nyuma ya jiko, jua la saa sita,
kuku wakanyamaza.
Nilihesabu: vifaranga kumi na mmoja,
mtetea mmoja, Tatu na beseni lake la nguo.
Kitu kikapita baina ya mikarafuu miwili
mahali ambapo nisingepitisha ungo,
mgongo wa jivu, kifua cha michirizi,
mkia mrefu ukikata kona kama usukani,
kikatua. Jicho la manjano likanipima,
pishi isiyoibia.

Vifaranga vilikuwa wazi, hatua tatu tu.
Hakuchukua.
Akajichana bawa moja, akaondoka.
Sijui alikuwa ameshiba,
au kachoka,
au kapenda.

Unguja, ofisini, waliniuliza, "Kozi ilikuwaje?"
Cheti kilikuwa mkononi, muhuri ungali unanuka wino.
"Fupi ya mabawa," nikasema, "lakini inapita."
Wakacheka kidogo, wasijue wanacheka nini,
wakarudi kwenye mafaili.

Mezani kwangu bahasha ilikuwa ikinisubiri,
nene, haina jina,
juu ya hesabu ambayo mtu aliomba
nisahau tarakimu yake moja.
Nilikuwa sijala tangu alfajiri.
Nje, kunguru wote wa Malindi
walikuwa wamenyamaza.