Kopa Kumi na Tatu

Mwanya kati ya boneti na mlango
uwe karata kumi na tatu, anasema baba,
kopa zote, ree mpaka mzungu wa nne,
zikibanwa pamoja ziingie bila kukwaruza rangi
na zikishaingia zisicheze.
Hana imani na vipimo vya dukani.

Coventry, Februari. Gereji ya matofali nyuma ya nyumba,
jiko la mafuta ya taa linanuka kuliko linavyopasha.
Baba ameketi juu ya debe la rangi, blanketi magotini.
Macho yake siku hizi yanaona pembeni tu,
katikati ni ukungu,
kwa hiyo mikono ni yangu
na lawama, kama kawaida, ni zangu pia.

Gari hili hufunguka kinyume na mengine:
bawaba ziko mbele, chini ya taa,
na pua nzima, fenda na yote, huinuka
kama mtu apigaye mwayo asijali wageni.

Legeza nati, usiitoe.
Spana ya nusu inchi. Robo mzunguko.
Shusha. Funga. Tazama.
Kushoto karata tisa.
Kulia kumi na saba; imenibidi niazime kwa shupaza.
Nikisukuma kulia nyuma, kushoto kunapanda juu ya mlango
kama kola ya shati lililokosewa kifungo.
Nikishusha kushoto, pua inainama, inagusa bampa.
Bawaba mbili, bolti nane,
na hakuna bolti isiyo na jamaa zake wa kuudhika.

"Ulianza na mlango, Hazel?"
Nilianza na mlango. Siku tatu za mlango.
"Mlango nao huongopa."

Saa kumi, giza limeshaingia.
Naitoa bawaba ya kulia yote, kwa hasira zaidi ya akili,
na nyuma yake, chini ya rangi ya kiwandani
ambayo hakuna spana iliyowahi kuigusa,
nakuta washa tatu
na kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi,
mfuniko wa kopo la tumbaku,
herufi mbili na nusu bado zinasomeka.

Namwekea kiganjani.
Anakipapasa kwa kidole gumba, muda mrefu.
"Ijumaa," anasema.
Ijumaa ipi?
"Yoyote. Washa zimekwisha, mstari hausimami,
king'ora kinakaribia, mama yako yuko getini
na viatu visivyoijua mvua.
Unakata ulicho nacho mfukoni."
Kwa hiyo ni wewe?
"Mimi, au Cyril Tansley. Tulivuta tumbaku moja."

Na lilipotoka kiwandani, mwanya ulikuwa karata ngapi?
Anacheka mpaka anakohoa,
debe linalia chini yake.
"Nani alikuwa na karata? Tulikuwa na nyundo ya mbao
na goti. Msimamizi alipitisha kiganja,
akasema, hilo litafika Leicester."

Basi hizi kumi na tatu?

Ananyamaza. Jiko linatema cheche moja.
"Hizo nilianza kuzihesabu nilipostaafu."

Nalifuta bati kwa kitambaa, nalirudisha lilipokuwa,
herufi zikitazama ndani kama zamani.
Kushoto kumi na mbili. Kulia kumi na nne.
Anainuka, anashika ukingo wa kioo,
anateremsha gumba polepole kwenye mwanya wote,
na pale unapopanuka, karibu na mkono wa mlango,
gumba linasita.
Najua limesikia.

"Kaza," anasema.

Nakaza. Nazikusanya karata juu ya fenda.
Mzungu wa nne wa kopa amepata grisi begani,
haitoki hata kwa sabuni,
na kuanzia usiku huu, tukicheza, kila mara
nitajua anaye nani,
na yeye, ambaye haoni katikati,
atageuza uso kidogo, pembeni,
ajue kwamba najua.