Nukta Kando ya Kiini

Kipande cha pua ya Olwande, mkulima wa mpunga Ahero,
chembamba kuliko ganda la kitunguu,
kiko chini ya lenzi yangu.
Seli ndogo, duara, za buluu,
zimesongamana kama omena kwenye debe la Kibuye.

Limfoma huvaa hivi.
Melanoma nayo, ikiamua kuficha weusi wake.

Mimi Adongo najua kufananishwa:
darasa la nne nilichapwa kwa kosa la Apiyo,
mwalimu akiapa ameniona kwa macho yake.
Macho yake!

Kwa hiyo yangu siyaamini. Natia rangi, nangoja.
Stima yapotea Kisumu nzima, jenereta yakohoa.
Ya limfoma: kimya. Ya melanoma: kimya.
Sinaptofizini: kahawia, chai iliyokolea.
Haitoshi. Uvimbe wa neva za kunusa
nao huitika hapohapo.

Keratini, basi.
Nukta moja ya kahawia kando ya kiini,
halafu nyingine, halafu kila mahali,
kama lile baka nyuma ya sikio la Apiyo
ambalo mama pekee alilitafuta
kabla ya kuinua fimbo.

Naandika.
Benchini nje, Olwande ajifuta damu kwa leso ya kijani,
auliza kama atawahi kupandikiza.