Ua la Cheri

Desemba mtambo huzimwa:
umeme wa baridi ni wa majiko ya watu,
si wa chembe kufukuzana gizani.
Ndipo zamu yetu.
Lucienne hushuka mita mia na baiskeli,
spana kiunoni, jibini mfukoni.

Chini hakuna kipupwe wala vuli.
Majira tunayasoma kwenye buti za Renaud:
theluji, halafu tope,
halafu, asubuhi moja, ua la cheri limenasa kisiginoni.

Lucienne analibandua kwa ukucha.
"Basi watatufukuza," anasema,
analifunga ndani ya daftari la hitilafu.

Aprili tunapanda. Mlango unakazwa nyuma yetu,
mwale unaanza kuzunguka.
Ng'ombe wa Jura wangali zizini, nyasi zawanukia.
Nasi uani tunafinya macho,
tukibishana leo ni siku gani.